Beringi ya dola 6 na bwana Wallis aliyesahaulika

Najua nimeadimika, na wengine mmeanza kunitania kwamba nimedisko kimya kimya. Sijadisko bwana. Kulikuwa na majaribio ya katikati ya muhula, halafu bumu likachelewa, halafu nikaingia kwenye jambo moja lisilo na hata maksi moja ya chuo, nalo ndilo limenikeshesha siku tisa mfululizo. Nalileta hapa na nyie mkeshe kidogo.

Lilianza na desa. Si mnajua madesa yetu, yanapita mkono kwa mkono mpaka maandishi yanafifia. Hili lilikuwa la somo la joto na nishati. Jamaa aliyeliandika zamani alichora mzunguko wa Brayton vizuri kabisa, na pembeni akabandika picha ya gari la mashindano, jekundu la kung'aa, limekaa kama limepata kiharusi: dereva kakaa upande wa kulia, na upande wa kushoto limevimba kama shavu la mtu aliyetafuna pande la muhogo. Chini ya picha kaandika: gari la tabaini la Granatelli, Indianapolis 1967.

Nikajiuliza, huyu Granatelli ndiye aliyelibuni? Nikatafuta. Andy Granatelli alikuwa mkubwa wa kampuni ya STP ya Marekani, ile iliyouza dawa za kuongeza kwenye oili ya injini. Mfanyabiashara, mpiga debe hodari, mtu wa kuvaa suti yenye nembo za kampuni yake na kusimama mbele ya kamera. Mpenzi mkubwa wa mashindano, na alijua magari. Lakini aliyelibuni gari lile ni mtu mwingine kabisa, anaitwa Ken Wallis. Jina lake mnaweza kulisoma kwenye sentensi moja, mara mbili hivi ukibahatika, halafu sentensi inayofuata inarudi kwa Granatelli. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kabla ya kumtafuta huyo Wallis, ngoja niwape mbio zenyewe, maana bila mbio hamtaelewa kwa nini nimeng'ang'ania.

Indianapolis ni uwanja wa yai, maili 2.5 kwa mzunguko mmoja. Wanazunguka mara 200, jumla maili 500, yaani kama kilomita 800, na magari yanayoanza ni 33. Mwaka 1967 mbio zilianza tarehe 30 Mei. Dereva wa gari la tabaini alikuwa Parnelli Jones, aliyewahi kushinda hapo mwaka 1963, na inasemekana Granatelli alimwahidi dola 100,000 ili akubali kukaa kwenye hicho kidude. Kwenye kufuzu alipata nafasi ya sita tu, kwa wastani wa maili 166.075 kwa saa. Aliyeshika nafasi ya kwanza, Mario Andretti, alifanya 168.982. Wapinzani wakanuna, wakasema jamaa anaficha makali.

Kama alikuwa anaficha au hakuficha, bendera iliposhushwa tu mzunguko wa kwanza haujaisha Jones alikuwa mbele. Wenzake wananguruma, yeye anapita anavuma tu, kama upepo unaopita kwenye bati. Ndiyo maana waliliita Silent Sam, Sam Mkimya. Mvua ikanyesha baada ya mizunguko 18, mbio zikaahirishwa mpaka kesho yake, tarehe 31. Kesho yake yakawa yale yale. Jones aliongoza mizunguko 171 kati ya 200. Mia moja sabini na moja! Hiyo siyo kuongoza tena, hiyo ni kuwafanya wenzako watazamaji.

Ikabaki mizunguko mitatu na kitu. Kwenye mzunguko wa 197 gari likapoteza nguvu, likaanza kujivuta kuelekea pembeni. Beringi imekufa ndani ya mfumo wa kupeleka nguvu kwenye matairi. Beringi moja. Bei yake inatajwa kila mahali: dola 6. A. J. Foyt akapita, akashinda mara yake ya tatu, tena kwa kupenya katikati ya magari yaliyogongana mbele yake kwenye mstari wa mwisho. Jones akahesabiwa wa sita.

Sasa angalieni. Injini haikufa. Tabaini ilikuwa inazunguka kama kawaida. Kilichovunjika ni kitu ambacho ungeweza kukikuta kwenye gari lolote la kawaida.

Kwa wasiosoma uhandisi, na kwa shemeji yangu wa Kitivo cha Sheria anayesoma hapa kila wiki na kulalamika kwamba haambulii kitu: tabaini siyo ile tabo ya mafundi wa mtaani. Tabo ni kifaa cha kuisaidia injini ya pistoni. Tabaini ni injini yenyewe, haina pistoni hata moja. Mbele kuna kompresa inayovuta hewa na kuibana. Katikati kuna chemba, hapo mafuta yanamwagiwa na kuwaka mfululizo, siyo kwa mapigo. Nyuma kuna gurudumu la mapanga madogo madogo, hewa ya moto inalipiga, linazunguka, na sehemu ya nguvu hiyo inarudi kuzungusha kompresa. Ukitaka kuona ndugu yake mkubwa, nenda Ubungo kwenye mitambo ya gesi.

Injini aliyotumia Wallis ilitoka Pratt & Whitney ya Kanada, aina ya ST6. Hii ST6 ni mtoto wa ukoo wa PT6, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu hosteli. PT6 ndiyo injini iliyomo ndani ya Cessna Caravan, vile vindege vya panga moja mbele vinavyotoka hapa Dar kwenda Zanzibar na vingine vinavyopeleka watalii Serengeti. Kwa hiyo kila siku tukiwa tunapanga foleni ya chakula, injini ya ukoo wa gari la Parnelli Jones inatupita juu ya vichwa na hakuna anayenyanyua shingo.

Ile ya kwenye gari ilikuwa na nguvu za farasi kama 550 na uzito wa ratili 260, yaani kilo 118 hivi. Watu wanne wa chumba chetu tungeibeba, tukipumzika mara moja njiani. Inachoma mafuta ya ndege, ambayo kwa kweli ni binamu wa mafuta ya taa. Fikirini, gari la mashindano linalokula chakula cha kibatari!

Uzuri mwingine: kwenye injini hizi gurudumu linaloendesha kompresa na gurudumu linaloendesha matairi hayakuunganishwa kwa chuma, yanaunganishwa na upepo wa moto tu. Kwa hiyo hakuna klachi ya kukanyaga wala gia za kubadilisha. Dereva ana pedali mbili basi.

Ubaya nao upo. Ukikanyaga mafuta, nguvu haiji papo hapo, inachukua kama sekunde tatu kuamka. Sekunde tatu kwa mwendo ule ni zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira. Ina maana dereva lazima akanyage wakati bado yuko ndani ya kona, anauona ukuta, mwili wote unamwambia asikanyage. Tena ukiachia mafuta injini haikusaidii kupunguza mwendo kama ya pistoni, inaendelea kukusukuma. Ndiyo maana walilifunga kibati nyuma ya dereva kinachonyanyuka kuzuia hewa, kisaidie breki. Mtu aliyekaa na kuyafikiria yote hayo kwa pamoja, halafu akaiweka injini kushoto na dereva kulia kwa sababu uwanja wa Indianapolis unakata kona za kushoto tu, mtu huyo namheshimu.

Haya. Nikaanza kumsaka Ken Wallis.

Siku ya kwanza nilifurahi sana kwa sababu nilimpata kwa dakika moja. Picha kibao! Mzee wa Kiingereza ana masharubu, amekaa kwenye kihelikopta kidogo cha mtu mmoja, kile ambacho pangaboi la juu halizungushwi na injini bali na upepo tu kikiwa kinakwenda mbele. Nikasoma: alizaliwa 1916 huko Ely, alikuwa rubani wa ndege za mabomu kwenye Vita Kuu ya Pili, akajenga vindege vyake mwenyewe. Kimoja, kinaitwa Little Nellie, kilitumika kwenye filamu ya James Bond ya mwaka 1967, You Only Live Twice, na mzee mwenyewe ndiye aliyekirusha akijifanya Sean Connery. Nikasema yes, huyu ndiye. Mbunifu, mwaka ni 1967, mambo ya kuzunguka zunguka, kila kitu kinalingana. Nikaandika kurasa mbili nzima. Nikawasimulia na washikaji chumbani, mmoja akasema huyu mzee apewe sanamu.

Siku ya tatu nikagundua kwamba siye. Ni Ken Wallis mwingine! Wa vindege aliishi Uingereza na vindege vyake mpaka akafariki Septemba 2013, akiwa na miaka 97, ana heshima zake zote. Wa gari alikuwa Marekani, California, anahangaika na chasi. Majina sawa, mwaka ule ule mmoja, na wote wawili kazi yao ni kuchezea hewa. Mmoja alipigwa picha na James Bond. Mwingine amefunikwa mara mbili, kwanza na bosi wake, halafu na wajina wake. Nikachana zile kurasa mbili. Mshikaji wa sanamu bado ananicheka mpaka leo.

Baada ya hapo nikaacha kutafuta picha, nikaanza kufuata gari, maana gari lina historia hata kama mtu hana. Na ukilifuata gari unamkuta Wallis anatembea na michoro yake mkononi anabisha hodi kwenye milango ya watu.

Inasimuliwa kwamba mlango wa kwanza ulikuwa wa Dan Gurney, dereva mkubwa na mjenzi wa magari. Gurney akakataa. Na labda mtu usimlaumu, kwa sababu mwaka 1962 Gurney huyo huyo aliwahi kuliendesha gari lingine la tabaini pale pale Indianapolis, la John Zink, lenye injini ya Boeing, na halikufuzu kuingia kwenye mbio. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mlango wa pili ulikuwa wa Carroll Shelby, yule wa magari ya Cobra. Naye akasema haitafanya kazi. Likumbukeni jibu hilo la Shelby, nitalirudia.

Mlango wa tatu ndio Granatelli. Huyu akasikiliza, akakubali, kazi ikaanza kwenye karakana za Paxton, tawi la STP, kule Santa Monica. Walitaka liwahi mbio za 1966. Halikuwahi. Fremu ya alumini iliwekwa kwenye moto ili iimarishwe, ikatoka imepinda. Mnajua uchungu wa kitu hicho? Umekata, umechomelea, umepima kila kona, halafu tanuri linakurudishia ndizi. Mwaka mzima ukaenda.

Sasa lazima niwe mkweli, maana nilishaanza kumfanya Wallis mtume. Siyo kila kitu mle ndani kilikuwa chake. Injini ni ya Wakanada. Matairi manne yote yanasukuma, na mfumo huo ulitoka kwa kampuni ya Ferguson ya Uingereza. Ndiyo, Ferguson yule yule wa matrekta, Harry Ferguson, ambaye jina lake lipo ubavuni mwa kila Massey Ferguson uliyowahi kuiona shambani. Alifariki 1960, na mwaka uliofuata gari lao la kusukuma matairi manne likashinda mbio Oulton Park likiendeshwa na Stirling Moss. Na Granatelli alishawahi kuutumia mfumo wa Ferguson kwenye gari lake la Novi mwaka 1964, kwa hiyo siyo kwamba Granatelli alikuwa mtoa hela tu asiyejua chochote. Nilikaa na jambo hili usiku mmoja mzima. Mwishoni nikaona hivi: vipande vyote vilikuwepo duniani, vimetawanyika Kanada na Uingereza na California. Kazi ya Wallis ilikuwa kuvikalisha pamoja ndani ya gari moja na kuamini vitaelewana. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi. Vitu vyenyewe mara nyingi mtu anavikuta tayari.

Baada ya mbio wenye mashindano wakatikisika. Injini za pistoni zilikuwa zinapimwa kwa ujazo wa silinda, lita 4.2 kwa zile za kawaida na 2.8 kwa zenye kubanwa hewa. Tabaini haina silinda, sasa utaipima nini? Waliipima mdomo, yaani eneo la mlango wa kuvutia hewa. Mwaka 1967 ruhusa ilikuwa inchi za mraba 23.999. Mbio zilipoisha wakalishusha mpaka 15.999. Ukimbana mtu pua kwa theluthi moja halafu umwambie akimbie, mnajua matokeo. Granatelli akaenda mahakamani, akashindwa. (Shemeji, hapo pako, tafuta hiyo kesi.)

Hapa ndipo njia za watu wawili hawa zinaachana, na mimi nikapata sehemu ninayoipenda zaidi kuliko zote, ingawa siyo nzuri.

Granatelli akaenda kwa Colin Chapman wa Lotus, wakatengeneza Lotus 56, umbo la kabari, kazi ya Maurice Philippe. Na Wallis je? Wallis akaenda kwa Shelby. Shelby yule yule aliyesema haitafanya kazi! Baada ya mizunguko 171 akawa ameona inafanya. Wakatengeneza magari mawili ya tabaini kwa ajili ya 1968, safari hii kwa injini ya General Electric aina ya T58, ambayo ni injini ya helikopta. Madereva waliochaguliwa ni Bruce McLaren na Denny Hulme, Wanyuzilandi wawili, na Hulme ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1967. Kwa maneno mengine Wallis sasa alikuwa na hela, na jina kubwa nyuma yake, na madereva ambao kila mtu angewataka. Kama kuna mwaka ambao angetoka kwenye kivuli ni ule.

Magari yale hayakuanza mbio. Mwezi Mei, kabla ya mbio, Shelby akayaondoa, na sababu iliyotolewa hadharani ilihusu usalama. Lakini hadithi iliyoandikwa mara nyingi baadaye ni nyingine: kwamba ule mdomo wa hewa ulikuwa na ujanja. Ukipimwa na wakaguzi umetulia kwenye kipimo halali, gari likiwa mbioni unapanuka. Na kwamba wenzake wa karakana walipogundua wakakataa kushiriki.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kununua chipsi. Kwa sababu nilikuwa nimeshamwandikia wasifu kichwani, mnyonge aliyedhulumiwa, na sasa mnyonge wangu ana mdomo unaopanuka. Lakini nikiwa nakula nikawaza, kama ni kweli, basi mtu huyu alikuwa anapambana na hesabu isiyowezekana. Nusu ya wakati tunachojifunza darasani ni kwamba nguvu ya tabaini inategemea hewa inayopita ndani yake. Ukikata mlango kwa theluthi, hakuna uchawi. Njia mbili tu: upate injini inayofanya vizuri zaidi kwa hewa kidogo, au udanganye. Lotus na Pratt & Whitney walijaribu njia ya kwanza. Simtetei, nasema naelewa jinsi mtu anavyofika pale. Kuna mtu humu aliyewahi kurekebisha namba za maabara saa nane za usiku ili mstari unyooke? Msinijibu.

Na mwaka huo 1968 ulikuwa mwaka mbaya kwa kila mtu aliyegusa tabaini. Jim Clark aliijaribu Lotus 56 pale Indianapolis mwezi Machi na akaipenda, tarehe 7 Aprili akafa Hockenheim kwenye mbio nyingine na gari jingine kabisa. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 7 Mei, Mike Spence akafa akiwa anaifanyia mazoezi Lotus 56. Siku ya mbio zikabaki tatu. Joe Leonard alianza nafasi ya kwanza, kwa maili 171.559 kwa saa, pamoja na ule mdomo mdogo. Graham Hill akagonga ukuta. Leonard akawa anaongoza, ikabaki mizunguko tisa hivi, likazimika. Safari hii shafti ndogo ya pampu ya mafuta. Na ya Art Pollard nayo ikazimika muda ule ule. Bobby Unser akashinda kwa injini ya pistoni. Miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili kitu kidogo kisichokuwa tabaini yenyewe.

Gari la Wallis la 1967 nalo lilirudishwa uwanjani mwaka 1968, Leonard huyo huyo akaligonga ukutani kwenye mazoezi. Lilikarabatiwa, na ni mali ya makumbusho ya Smithsonian. Wenye mashindano wakaendelea kukaza: mdomo ukashushwa tena mpaka 11.999, na baadaye kusukuma matairi manne kukapigwa marufuku. Biashara ikaisha hapo kwa upande wa Indianapolis. Gari pekee la tabaini lililowahi kushinda mbio rasmi ni Howmet TX, mwaka huo huo wa 1968, kwenye mbio ndogo mbili za Marekani, Huntsville na Marlboro. Aliyekuwa nyuma yake ni Ray Heppenstall. Mmewahi kumsikia? Basi.

Granatelli mwenyewe alishinda Indianapolis mwaka 1969, Andretti akiwa kwenye usukani, kwa gari la pistoni. Alimbusu Andretti shavuni na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Mwaka ule ule kikatoka kitabu chake, kinaitwa They Call Me Mister 500. Jina la kitabu linajieleza. Alifariki Desemba 2013, miezi mitatu na kitu baada ya yule Wallis wa vindege. Parnelli Jones alifariki 2024, na kila tangazo la msiba wake nililosoma lilitaja tabaini na ile beringi.

Beringi! Hili ndilo lililoniuma na ndilo lililonifanya niandike. Nilihesabu kwenye kurasa nilizofungua. Nyingi zilitaja beringi, na karibu zote zikataja bei yake. Zilizomtaja Wallis zilikuwa chache mno. Yaani kitu kilichovunjika kimepata jina na bei kwenye historia kuliko mtu aliyefanya vitu vingine vyote visivunjike kwa mizunguko 196. Granatelli hakuiba, sidhani. Alisimama tu mahali kamera zilipo, na kamera zikafanya kazi yake.

Sasa niseme lililobaki, kwa sababu kuna watu wa darasani wanasoma hapa na watalisema wao kwenye maoni nisipolisema mimi.

Mwaka jana kundi letu tulitengeneza kaushio la mihogo la nguvu za jua. Mliona bango, mliona picha, nimesimama na shati la kunyooshwa namwelezea mgeni rasmi. Hesabu zote za joto la lile kaushio, upana wa tundu la kuingizia hewa, urefu wa dohani, alizifanya jamaa mmoja kimya sana, tunamwita Profesa. Wiki ya kuchapa bango alikuwa kwao, msibani. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya majina. Niliandika manne. Hatukuwa wanne. Sikufanya makusudi, nilikuwa na haraka, duka la kuchapia linafunga saa kumi na mbili. Aliporudi akaliangalia bango, akasema limetoka zuri. Hajawahi kulisema tena, na mimi sijawahi kulisema, na maksi alipata kama sisi, kwa hiyo nilijiambia hakuna tatizo.

Leo mchana nikamtumia ujumbe. Nilitaka kuandika kirefu, nikaandika na kufuta mara tatu, mwishoni nikamuuliza tu majina yake matatu yanaandikwaje, maana nilikuwa na kalamu ya wino mzito mkononi nikagundua sijui jina lake la katikati. Amekaa kama nusu saa ndio akajibu.

Kaniandikia majina yote matatu, halafu chini yake: "Kwani lile bango bado lipo?"

Lipo. Korido ya ghorofa ya pili, karibu na maabara, kona moja imebanduka. Kesho nina kipindi saa mbili, nitapita pale saa moja na nusu kabla watu hawajajaa. Tuonane wiki ijayo bumu likiingia.